Mikanda Miwili Ambayo Bwana Dam Hakuonyeshwa

Kwa Mzee Sawat Phromma, Mkuu wa Kijiji cha Nong Takla.

Mimi, Thawil Kaeothong, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, mtia sauti wa filamu katika gari la Bosi Kim linaloonyesha filamu vijijini ili kuuza dawa, mkazi wa soko la Tha Krasang kwa msimu huu wa kiangazi, mwaka 2512 wa kalenda ya Kibudha, nakuandikia nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu. Kusudi langu ni moja: keshokutwa, wanakijiji watakapokutana mbele yako kumjadili Dada Chamnian, mshona nguo, uwe umekwisha kujua kwamba kosa analolaumiwa si lake. Ni langu.

Ningeweza kukuandikia ombi lenye vifungu, kama nilivyowaandikia watu kwa miaka kumi na mmoja nje ya ofisi ya wilaya. Sikuthubutu. Kama utakavyosoma, maneno yangu yaliyopangwa vizuri ndiyo yaliyotufikisha hapa. Kwa hiyo naambatisha kurasa za shajara yangu kama zilivyo, pamoja na zile ambazo ningependa zisisomwe na mtu. Niliyoyaacha ni mambo ya gari na chakula tu.

*28 Novemba 2511*

Mvua zimekoma, barabara zinapitika. Bosi Kim ameleta filamu ya msimu: mikanda mitatu isiyo na sauti, kama kawaida, na karatasi ya maneno ambayo nusu yake imeliwa na mchwa. Ni filamu ya mapenzi, ya kuchekesha, inayohusu matapeli wawili. Decha anajifanya mwenye mgodi wa bati, Rampha anajifanya mpwa wa gavana. Kila mmoja anamwinda mwenzake kwa kudhani ana mali, na masanduku ya wote wawili yamejaa magazeti. Katika mkanda wa tatu wanaungamiana kwenye kituo cha treni, wanacheka, wanaoana.

Nilimweleza Bosi kwamba mtu aliyejifunza mwenyewe utaratibu wa maombi na rufaa kwa taa ya hekaluni hastahili kutia sauti upuuzi wa namna hii.

"Mwalimu," akasema, "upuuzi ndio unaouza dawa ya minyoo. Ukitaka rufaa, kakate kwa mke wangu."

*3 Desemba*

Onyesho la kwanza, uwanja wa hekalu la Tha Krasang. Natia sauti zote: ya Decha, ya Rampha, ya polisi na ya mbwa. Penye matundu ya mchwa ilinibidi nitunge. Decha alipopiga goti nilimsemesha hivi: "Bibi, kwa kuzingatia uzuri wako kama ulivyoonekana, nawasilisha mbele yako moyo wangu, nikisubiri jibu ndani ya siku saba." Nilikusudia heshima. Watu walicheka hadi mzee mmoja akalala chali mkekani. Chuea, fundi wetu wa projekta, alisimamisha mkanda apate kujifuta machozi. Dawa iliisha kabla ya mkanda wa pili.

"Mwalimu," aliniambia tukikunja nyaya, "miaka yote hiyo unatafuta mtu wa kusikiliza maombi yako. Kumbe ulihitaji shuka jeupe tu."

Iliniuma. Hata hivyo Bosi ameagiza Decha aendelee kusema vivyo hivyo.

*10 Desemba*

Nong Takla. Watu wengi. Safu ya mbele palikuwa na mwanamke aliyekuwa akishona upindo wa sketi huku macho yake yakiwa kwenye filamu, wala hakujichoma. Tulipomaliza alikuja hadi kwenye gari.

"Kaka, yule tapeli ni wewe?"

Nilimweleza kwamba mimi ni sauti yake tu.

"Na yule mwanamke?"

"Naye pia."

"Basi umejitongoza mwenyewe saa mbili nzima, na bado ukajikataa mara tatu."

Alicheka, akanipa wali wa kunata uliookwa ndani ya mwanzi. Anaitwa Chamnian. Anaishi na mama yake, Bi Phuang, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Nimeliandika jina lake hapa kwa ajili ya kumbukumbu.

*17 Desemba*

Nong Takla tena. Alikaa palepale. Nimebadilisha maneno ya Decha mahali pawili.

*26 Desemba*

Leo hakuja. Bi Phuang ana homa kali, dawa za zahanati hazijamshusha joto. Majirani wanasema jana Chamnian alipiga magoti kwenye kibanda cha Bwana Dam, mzimu mlinzi wa bwawa lao, akaweka nadhiri. Mimi ni mtu wa karatasi, si wa mizimu. Lakini leo maneno ya Rampha yalinitoka bila raha.

*4 Januari 2512*

Bi Phuang amesimama, amekula uji, amemtukana jogoo wa jirani. Chamnian alikuja sokoni kukodi filamu.

"Nilimwambia Bwana Dam, mama akipona nitakuonyesha filamu ya wale matapeli. Yote, toka jina la kwanza mpaka mwisho. Sikumwahidi kipande. Unanielewa, Kaka Thawil?"

"Nimekuelewa."

"Na umtilie sauti kama unavyotutilia sisi. Usimbanie kwa sababu haonekani."

Ameuza ndama wake. Kwa desturi ya Nong Takla, filamu ya nadhiri ni ya Bwana Dam peke yake: mwenye nadhiri huwasha udi, huweka sadaka, hurudi nyumbani, na hakuna mwanadamu anayekaa mbele ya shuka. Kibanda kiko ng'ambo ya mashamba, mbali na masikio ya kijiji. Nilimwandikia mkataba wa vifungu vinne. Kifungu cha pili kinasema: filamu nzima.

*9 Januari*

Nong Takla, kwenye kibanda cha bwawa. Shughuli imekwisha salama. Baridi kali.

*10 Januari*

Chamnian alikuja sokoni asubuhi.

"Kaka, jana nilirudi kuchukua sinia. Udi bado ulikuwa unafuka na nyinyi mmeshaondoka. Filamu si ndefu kuliko udi?"

Nilimjibu kwamba filamu inayoonyeshwa bila mapumziko ya kuuza dawa, bila vicheko vya kusubiriwa na bila watu wa kuondolewa mbele ya taa, hupungua muda wake kwa kiasi ambacho wasio wa kazi hii hawawezi kukikadiria.

Alinitazama kidogo. "Ukisema wewe, basi. Watu hawasemi hivyo wakidanganya."

Chai niliyokuwa nayo mkononi niliimwaga chini ya gari.

*23 Januari*

Amenishonea shati. Kola imenikaa sawasawa. Nililivua mara mbili na kulivaa tena.

"Bwana harusi wa wapi huyu?" akauliza Chuea.

Nilimwambia anyamaze.

"Mbona mkali? Umeshonewa shati, si sanda."

*6 Februari*

Joto limeanza mapema. Bwawa la Nong Takla lina ngazi za mawe za kuteremkia majini, na maji yamekwisha shuka hadi ya tatu. Homa ya Bi Phuang imerudi.

*13 Februari*

Ngazi ya tano. Bi Thongyip, muuza samaki wa chumvi, alinikuta nikipanga chupa za dawa.

"Mwalimu, hebu tuambie. Huyu binti alikodi filamu nzima au alikodi kipande? Maana maji yanakimbia kama yanafukuzwa, na mama mtu kalala tena. Bwana Dam hakasiriki hivihivi."

Nilimwambia kwamba mkataba ni siri baina ya pande mbili.

"Siri? Filamu imechezwa uwanjani, siri iko wapi? Haya, nimekuelewa."

Hakunielewa, au alinielewa vibaya mno. Kabla hatujawasha jenereta, nilisikia watu wakiambiana kwamba hata mtia sauti ameshindwa kumtetea. Neno moja lingetosha kumwokoa, nalo nilikuwa nalo. Niliuza dawa.

*20 Februari*

Ngazi ya sita. Sikulivaa lile shati.

*27 Februari*

Ngazi ya nane. Kamba ya Chamnian, ambako huning'inia nguo za watu zilizokwisha shonwa, ni tupu. Sare za shule za muhula mpya zimepelekwa kwa fundi wa Tha Krasang. Alinikaribisha maji.

"Angalau cherehani inapumzika," akasema. Kisha, bila kuniangalia: "Nimejiuliza kila kitu, Kaka. Kichwa cha nguruwe cha sadaka kilichemka vizuri. Vijiti vya udi vilikuwa tisa. Nguo nilivaa safi. Sasa kosa ni lipi?"

Nilisema kwamba mambo ya namna hiyo huchukua muda kubainika. Nimeyaandika maneno hayo hapa ili nisije kudai siku moja kwamba sikuyasema.

*6 Machi*

Leo alikuja na chane ya ndizi, akaketi kwenye kreti la chupa.

"Nataka uniandikie barua, ya kumwomba msamaha Bwana Dam."

"Kwa kosa gani?"

"Ndiyo unisaidie hapo. Wewe unajua makosa yanavyoandikwa. Labda nilimlilia yule ndama moyoni. Labda nilicheka nikiwasha udi. Nilicheka kidogo kweli, nilimkumbuka yule mbwa wako."

"Mbwa si kosa."

"Basi andika lolote zito. Likiwa zito litalifunika hilo nisilolijua."

Nikaandika. Hii ndiyo sehemu ya barua hiyo: *Mimi Chamnian, niliyepunguza stahiki ya Bwana kwa uzembe na kwa moyo wa kubania, na kumfanya akose kile alichoahidiwa kwa ukamilifu wake, nakiri na kuomba rehema.* Niliisahihisha mara tatu. Ni barua bora kuliko zote nilizoandika mwaka huu. Aliposikia nikiisoma alitokwa na machozi, akasema, "Ndiyo hivyo hasa. Umejuaje?"

Ndizi nilizila.

Sasa nitaandika kile ambacho tarehe 9 Januari nilikiandikia mstari mmoja. Upepo ulitoka bwawani, shuka likajaa kama tumbo. Mbele yangu palikuwa na nyasi na kichwa cha nguruwe, basi. Nilitia sauti mkanda wa kwanza wote. Decha alipomvika Rampha pete ya kioo na kuapa kwamba ni almasi, nilisikia sauti yangu ikipita juu ya maji na hakuna kicheko kilichorudi. Nikajiona: mtu mzima, msomi wa kujisomesha, akiunyenyekea uwanja mtupu. Chuea alikuwa na hamu ya kuwahi ndondi sokoni, hilo ni kweli, lakini si yeye aliyesema. Alishika mkanda wa pili mkononi akauliza, "Niweke?"

Nikasema, "Zima. Nani atajua?"

Maneno hayo matatu hayana pambo lolote.

*13 Machi*

Ngazi ya tisa.

*20 Machi*

Barua ya msamaha husomwa kwa sauti mbele ya kibanda. Chamnian aliisoma leo saa za kuchota maji, na wanawake wote waliokuwa bwawani walimsikia. Hadi tunafika na gari, Bi Thongyip alikuwa ameihifadhi kichwani.

"Kakiri mwenyewe. 'Niliyepunguza stahiki ya Bwana kwa moyo wa kubania.' Hayo si maneno ya kubahatisha, ni ya mtu anayejua alichofanya."

"Pengine aliandikiwa," nikasema.

"Aandikiwe na nani? Nani atamwandikia mwenzake maneno ya kujinyonga?"

Karatasi imepelekwa kwa Mzee Sawat. Mkutano umewekwa tarehe 12 Aprili. Wengi wanataka Chamnian ahame kabla ya Mwaka Mpya wa jadi, tarehe 13 Aprili, ili watu wasimwagiane maji ya baraka kijiji kikiwa na mdeni wa mzimu ndani yake. Bi Phuang hawezi kufika hata barabarani kwa miguu yake. Chamnian amenunua kamba za kufungia mizigo.

*27 Machi*

Ngazi ya kumi na moja. Chini yake ni tope.

*3 Aprili*

Onyesho lilikuwa Tha Krasang. Mikanda miwili ya kwanza ilikwenda. Katika wa tatu, kwenye kituo cha treni, Rampha anafungua sanduku lake la magazeti na kusema, "Nimekudanganya tangu siku ya kwanza." Midomo yake ilitikisika juu ya shuka, nami sikutoa sauti. Decha naye akajibu kimya. Watu wakaanza: "Sauti! Mwalimu kalala?" Mmoja akasema, "Mwacheni, anasubiri siku saba zake." Maganda ya karanga yakanifikia. Walioana bila neno.

Chuea alinifuata nyuma ya gari.

"Twende tukamwambie."

"Tukamwambie nani?"

"Usinifanyie uwakili mimi. Mimi ni mhuni, nalala popote, hata juu ya jenereta. Tangu ile barua silali. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi, nami sijui kuongea. Nitaharibu."

Nilimwomba wiki moja, nikamwambia nahitaji kuandaa maneno. Alitema mate pembeni, si juu yangu.

*9 Aprili*

Nilikwenda Nong Takla kwa miguu, nikiwa na kurasa tatu mfukoni. Chamnian alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba akifumua sketi kuukuu apate kitambaa. Nilipoanza kusoma alinyoosha mkono.

"Weka karatasi chini. Sema."

Nikasema: "Tulionyesha mkanda mmoja. Mimi ndiye niliyesema zima."

Alifumua uzi mrefu hadi mwisho wake.

"Kwa hiyo Bwana Dam mpaka leo hajui kama walioana?"

"Hajui."

Alikaribia kucheka, niliona. Kisha kicheko kikaishia njiani, akaniangalia kama mtu anayesoma jina lililoandikwa vibaya.

"Na siku ya udi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na barua. Ulikaa pale na kalamu yako, ukaniuliza mimi nimekosa nini. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukala ndizi zangu."

"Nilizila."

Kutoka ndani Bi Phuang aliita: "Chamnian, uko na nani hapo?"

"Muuza dawa, mama."

Miezi minne amekuwa akiniita Kaka. Niliziokota kurasa zangu tatu nikazikunja.

"Mwandikie Mzee Sawat," akasema. "Usimwandikie kwamba unanihurumia. Usimwandikie jambo lolote kuhusu shati. Mwandikie ulichofanya. Akishaelewa, mimi na wewe tumemalizana, au hatujamalizana, sijui. Usiniulize leo."

*10 Aprili*

Nimemweleza Bosi Kim. Ameniachisha kazi, akaongeza kwamba hajawahi kuuza dawa nyingi kama mwaka huu, na kwamba hilo halibadilishi kitu. Ana haki.

Mzee Sawat, kurasa zinaishia hapo. Karatasi iliyosomwa bwawani tarehe 20 Machi niliitunga mimi, neno kwa neno, na Dada Chamnian hakujua inaeleza tendo la nani. Mkataba wenye kifungu cha pili nimeuweka ndani ya bahasha hii. Chuea yuko tayari kuja kusimama mbele yako na kusema yaleyale, kwa maneno yake. Niliishi miaka mingi nikiamini kwamba jambo likiandikwa kwa ufasaha huwa limekwisha kuwa la kweli, nami nimemwona mtu akifunga mizigo yake kwa sababu ya imani hiyo.

Sijui kama Bwana Dam yupo. Chamnian yupo, na mama yake yupo, na kamba zimenunuliwa.

Ukiniamuru niionyeshe filamu yote mbele ya kibanda, nitatia sauti mikanda yote mitatu bila malipo, awepo mtu au asiwepo. Ukinikataza kukanyaga Nong Takla, sitakanyaga. Katika hayo sina ombi. Ombi langu ni hili moja: kabla mkutano haujaanza, amua ni nani mwenye deni la nadhiri hii, Dada Chamnian au mimi, na uamuzi huo uutamke mbele ya watu wote.

Thawil Kaeothong
Soko la Tha Krasang, 10 Aprili 2512